Mshua alikwenda kwa Babu, mimi nimeshindwa kuingia duka la dawa!

Najua niliahidi kwamba wiki hii tutaongea kuhusu wale kina dada wanaokuja na marafiki watatu kwenye miadi ya kwanza, wote wana njaa ya kufa mtu, na ujumbe wenu wa kuniunga mkono nimeupata. Nivumilieni. Mada hiyo ipo, haiozi. Leo nina jambo limenikaa rohoni kama mwezi mzima sasa, na nisipolitoa nitaendelea kuwaandikia utani huku mwenyewe silali.

Na nikisema silali, si maneno ya kupambia gazeti. Silali kweli! Saa saba za usiku naamka kwenda msalani, saa nane na nusu tena, saa kumi tena. Choo cha nyumba niliyopanga kiko uani, kwa hiyo kila safari lazima nipite mbele ya dirisha la mama mwenye nyumba. Mwanzoni alikuwa anakohoa tu kuniashiria kwamba ananiona. Siku hizi anasema kabisa, "Wewe kijana, usiku wote huu unatafuta nini uani kwangu?" Nikirudi chumbani nina kiu kama nimetoka kubeba zege. Nakunywa maji nusu lita kwa mkupuo mmoja, nalala, na baada ya muda mfupi... safari nyingine.

Suruali nazo zimeanza kunisaliti. Mkanda ambao zamani nilikuwa nafungia tundu la tatu, sasa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Washikaji kijiweni wananisifia, eti nimependeza, nimekuwa modo. Mchumba wangu, ambaye ana macho ya trafiki, hakuona kwamba nimependeza. Aliniangalia juu mpaka chini akasema: "Mama yako si ana sukari? Kapime."

Neno moja tu hilo, kapime. Duka la dawa lenye mashine ya kupima sukari liko hatua kama mia mbili kutoka ninapolala, jirani na kituo cha daladala. Wanakutoboa kidole, wanachukua tone la damu, dakika haiishi umeshapewa jibu lako. Shilingi elfu tatu! Chipsi mayai na soda inazidi hapo. Nimepita mbele ya duka hilo asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Sijaingia.

Sasa kabla hujanicheka, ngoja nikupe kisa cha mshua wangu, maana bila hicho huwezi kunielewa.

Sisi ni watu wa Arusha. Baba ni fundi magari, gereji yake ya kuungaunga ilikuwa chini ya mti pale Unga Limited, na kama umewahi kukaa na fundi wa Land Rover unajua ni watu wa namna gani. Haamini kitu mpaka akifungue. Ukimwambia gari lina mlio, hataki maelezo yako, atakwambia "washa nisikie". Kanisani alikuwa anakwenda Krismasi na Pasaka, tena anakaa karibu na mlango. Wanasiasa hawaamini, waganga hawaamini, na madaktari anawaamini nusunusu kwa sababu, anasema, daktari hafungui boneti, anakisia akiwa nje. Kuna siku jirani mmoja alikuja na mafuta ya upako, akampaka baba kwenye paji la uso bila hata kuomba ruhusa. Baba alijifuta, akanusa kidole, akasema, "Haya ni ya alizeti." Mtaa ulicheka mpaka basi.

Mama ni kinyume chake. Mwanakwaya, sauti ya kwanza, mtu wa ibada ya asubuhi, mtu ambaye hata akipoteza ufunguo wa kabati anaomba kwanza ndipo anaanza kutafuta. Mwaka 2009 alipimwa akakutwa na sukari, na tangu hapo akawa mtu wa vidonge asubuhi na jioni.

Ungeniuliza wakati ule, kati ya hawa wawili ni nani atakayekimbilia kikombe cha Babu wa Loliondo, ningekujibu bila kufikiri mara mbili. Na ningekosa.

Wengi wenu mnakumbuka, na mliokuwa wadogo waulizeni kaka zenu. Mwanzoni mwa mwaka 2011 nchi nzima ilihamia porini. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, akiwa kijijini Samunge, huko Loliondo wilaya ya Ngorongoro, alisema ameonyeshwa na Mungu dawa ya magonjwa sugu: UKIMWI, sukari, kansa, pumu, shinikizo la damu. Mizizi ya mti uitwao mugariga inachemshwa, mgonjwa anakunywa kikombe kimoja palepale, hakuna kubeba cha kupeleka nyumbani. Bei shilingi 500, uwe waziri, uwe muuza mkaa. Kufika mwezi wa tatu foleni ya magari ilikuwa ni ya kilomita na kilomita, watu wanalala njiani siku kadhaa, wenye nazo wanatua na helikopta. Kuna wagonjwa walioondoka wodini wakakimbilia huko, na kuna waliokata roho kwenye foleni kabla hawajakiona hicho kikombe. Mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wasimame kwanza, waliokwisha kufika wapungue.

Na tusidanganyane kwamba walikwenda wasiosoma. Walikwenda wasomi na digrii zao, walikwenda mawaziri na wabunge, Waislamu kwa Wakristo, na Wakenya wakavuka mpaka. Wataalamu wa afya walikuwa wanawasihi watu wasiache dawa zao, hasa walio kwenye dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, huku baadhi ya viongozi wa nchi wakionekana hukohuko Samunge na kikombe mkononi.

Mama alipoulizwa na wanakwaya wenzake kama na yeye atakwenda, alijibu, nami nilikuwepo, tulikuwa tunamenya ndizi: "Mungu wangu hajahamia Samunge. Hapahapa Ngarenaro ananisikia." Mjadala ukafungwa.

Kumbe ulikuwa haujafungwa. Jioni moja baba alirudi kutoka gereji, hakunawa hata mikono, akasimama mlangoni.

"Mama watoto, tayarisha nguo. Keshokutwa tunakwenda kwa Babu."

Mama akacheka, akijua ni yale matani yake. Baba hakucheka. Alikuwa ametengeneza Land Cruiser ya tajiri mmoja, na badala ya kuchukua pesa yake ya ufundi akachukua siti tatu kwenye safari hiyo. Siti ya tatu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, dada yangu yuko shule ya bweni, na nyumbani hapakuwa na wa kubaki nami.

"Baba watoto, tangu lini wewe ukaamini mambo hayo?"

"Siamini."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

Baba alikaa kimya, anajifuta grisi kwa kitambaa ambacho nacho kimejaa grisi. "Tunakwenda," akasema, akaingia kuoga.

Safari yenyewe bwana we! Mpaka Mto wa Mbu tulikuwa kwenye lami, raha mustarehe, mama anaimba. Kutoka hapo ndipo tulipokiona cha mtema kuni. Engaruka, Ngare Sero, vumbi la kijivu linaingia mpaka kwenye meno, mlima Oldonyo Lengai umekaa pembeni unatuangalia tu, halafu gari linaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, mawe matupu, abiria wote wamenyamaza. Njia nzima kulikuwa na magari yaliyokufa. Baba alikuwa anashuka kwa kila gari. Spana mfukoni, shati analivua, anaingia chini. Watu wanamtolea pesa, anakataa! Mshua wangu kukataa pesa nilikuwa sijawahi kuona, wala sijaona tena. Nadhani ndiyo saa pekee katika safari ile aliyokuwa na amani, kwa sababu lile la gari alikuwa analiweza.

Tulilala kwenye foleni usiku mbili. Nakumbuka chupa ya maji ilikuwa inauzwa ghali kuliko kikombe chenyewe. Nakumbuka dada mmoja, mwembamba sana, kaka yake anampepea kwa kipande cha boksi usiku kucha bila kubadilisha mkono. Mama alikuwa anakoroga uji kwenye moto wa mawe matatu anawapelekea watu wa magari ya jirani, na mimi ndiye mbeba vikombe. Kwa hiyo nilisikia maongezi ya watu wazima mengi kuliko umri wangu.

Na hapa ndipo nilipoona kituko ambacho sijakisahau mpaka leo. Gari la mbele yetu alikuwemo bwana mmoja mfanyakazi wa benki, kavaa suti porini! Akamsogelea baba akamwambia kwa sauti ya chini, "Mimi haya mambo siyaamini, nimemsindikiza mama mkwe." Baba akajibu, "Hata mimi. Nimemsindikiza mama watoto." Nyuma yetu mwalimu mmoja wa sekondari, yeye amemsindikiza shemeji yake. Huyo shemeji naye nilipompelekea uji akaniambia kwamba ni hawa ndugu zake tu wamemlazimisha, yeye amekuja kuwaridhisha. Foleni nzima ya wasindikizaji! Mama alicheka mpaka machozi. "Jamani," akasema, "kama wote mmesindikiza, sasa mgonjwa ni nani?"

Ilipofika zamu yetu wasaidizi walileta vikombe mpaka dirishani. Nilikuwa natarajia radi. Hakuna radi. Yule wa benki alikunywa. Mwalimu alikunywa. Baba alichukua chake wa kwanza garini mwetu, akanusa, akapiga funda kama mtu anayeonja petroli aone kama imechakachuliwa, halafu akamaliza chote. "Chungu," akasema. Mama alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, akanywa taratibu kama chai ya moto. Mimi nilinyimwa. "Huyu haumwi," mama akasema, na maneno hayo nimeyakumbuka sana siku hizi.

Tulipokuwa tunarudi, jua linazama, gari likasimama Engaruka watu wachimbe dawa. Mama aliniomba maji. Nikampa chupa. Akafungua pindo la khanga, akatoa kidonge chake cha jioni, akameza, akafunga pindo. Wala hakujificha. Baba alikuwa siti ya mbele, akaona yote kwenye kioo.

"Kwa hiyo huamini?"

Nilishtuka, wallahi! Tangu nimezaliwa nilikuwa sijamsikia baba akimuuliza mtu swali hilo. Na sauti yenyewe haikuwa ya utani, ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Naamini," mama akasema. "Kwani nachagua? Aliyeumba ile mizizi na aliyempa mtu akili ya kutengeneza hiki kidonge, ni wawili?"

Baba hakusema neno mpaka Mto wa Mbu.

Kurudi gereji, alimwambia kila aliyeuliza kwamba yale ni maji ya mizizi tu, alikwenda kuburudisha macho. Lakini jioni, kwa miezi kadhaa, alikuwa akimuuliza mama, "Leo umejisikiaje?" mtu ambaye salamu yake siku zote ilikuwa "chakula tayari?" Na asubuhi moja nilimkuta peke yake chumbani, kopo la dawa za mama liko wazi kitandani, anahesabu vidonge kimoja kimoja. Nikarudi nyuma kimyakimya. Kwa akili za kitoto nilidhani anataka kuviuza.

Babu alifariki Julai 2021. Mama yupo, anaimba bado, sukari yake ipo, vidonge vyake vipo. Mwaka 2019 alipata kidonda kidogo tu mguuni, kiatu kilimbana kwenye harusi, kikagoma kupona mpaka wakamkata kidole. Mimi ndiye niliyemsindikiza siku ya kufungua bandeji. Nilitoka nje kabla muuguzi hajamaliza. Nilisema naenda kupokea simu.

Sasa nirudi kwangu, mwana wa fundi. Miaka yote hii nimejitangaza kijiweni kwamba mimi ni mtu wa ushahidi, mtoto wa mjini sidanganywi. Stori za Loliondo zikianza mimi ndiye bingwa wa kuwacheka watu, na safari yetu wenyewe siitaji ng'o. Mwaka 2020, wakati wa corona, nchi nzima ilipokuwa inajifukiza, nilikaa chini ya blanketi na sufuria la mwarobaini, mchaichai na malimao, jasho linanitiririka mpaka kisigino, huku namwambia jirani aliyekaa upande wa pili wa sufuria kwamba kitu hiki hakina kazi yoyote. Nilikuwa namsindikiza.

Na hili la kupima, ngoja nikupe sababu zangu, uone mtu wa ushahidi anavyofikiri. Siku ya kwanza nilifika mpaka mlangoni, nikakumbuka nimekunywa soda, nikasema majibu yatatoka ya uongo. Siku ya pili sikuwa nimekunywa soda, ila nikajiuliza, mashine yenyewe hii nani ameikagua? Si mwaka 2020 huohuo Rais Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kupimwa zikaonekana zina corona? Kama papai linaweza kuumwa, mimi je! Nikaondoka nimeridhika kabisa, kifua mbele. Siku ya tatu binti wa dukani alionekana mdogo mno kushika sindano. Baada ya hapo nikaacha hata kutafuta sababu, nikawa napita upande wa pili wa barabara. Kiu hii ni joto la Dar. Kukonda ni mawazo ya kodi. Macho kuona ukungu ni simu.

Lakini kila Jumamosi, msomaji wangu, huyuhuyu mtu wa ushahidi anachukua shilingi elfu mbili anabashiri mechi za Ulaya. Timu kumi na mbili kwenye mkeka mmoja! Miaka mitatu sasa. Nimechaniwa mikeka mpaka ningeweza kuezeka nyumba, na bado Ijumaa usiku nalala najua kesho ni yangu. Hapo sijawahi kuuliza nani ameikagua mashine. Wasiwasi wangu wote, maswali yangu yote ya kisomi, nimeyapanga mlangoni pa duka la dawa kama walinzi, na kwenye mkeka sijaweka hata mmoja. Nilipoliona hilo nilijionea aibu nikiwa peke yangu, jambo ambalo si kawaida yangu, kwa kawaida mimi huona aibu mbele za watu tu.

Mchumba wangu ni mtu wa Tanga. Huyu anaamini vitu ambavyo nikikuhadithia utahama mtaa. Anaamini kijicho, hapigi mluzi usiku, paka mweusi akikatiza anarudi nyumbani kubadilisha njia. Mwaka huu peke yake amepima presha, sukari na virusi. Nikamuuliza, wewe na majini yako, mbona hospitali huogopi? Akanijibu, "Nani kakwambia siogopi? Naogopa mpaka tumbo linauma. Ndiyo maana naenda asubuhi na mapema, niogope mara moja niendelee na kazi zangu."

Halafu akaniambia jambo ambalo limenifanya niandike makala hii badala ya ile ya kina dada. Barua ya posa ilikuwa imeshaandikwa, mshenga amepatikana, mjomba wake wa Tanga anasubiri. Akasema barua isiende kwanza. "Ukiwa na sukari nitakupikia dona na mchicha, wala si shida. Lakini sitaki kuolewa na mtu anayekimbia kidole chake mwenyewe." Akachukua pochi yake akaondoka. Hakugombana, hakulia. Ningefurahi angegombana.

Usiku huo, kati ya safari ya pili na ya tatu ya uani, niliamua kwamba asubuhi nitampigia mshua. Nikampigia akiwa gereji, nasikia nyundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeishiwa?"

"Hapana, mzee. Nina swali. Hivi kwa nini ulimpeleka mama kwa Babu na wakati ulikuwa huamini?"

Nyundo ikanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Gari likinishinda," akasema baadaye, "namwambia mwenye gari, hili limenishinda, peleka kwa fundi mwingine. Sioni haya. Sasa mama yako ningempeleka wapi? Nilikwenda naye kliniki, daktari akasema hizi ni dawa za maisha. Mimi ni fundi, bwana. Injini ukiambiwa uiongezee oili kila asubuhi mpaka mwisho, hiyo imeshakufa, unasubiri tarehe tu. Ndivyo nilivyoelewa. Kila akimeza, mimi nahesabu."

"Ndiyo maana ulikuwa unahesabu vile vidonge?"

"Kumbe uliniona."

"Nilikuona, mzee."

"Nilitaka vibaki. Siku moja nikute havijapungua." Akakohoa. "Siku ile Engaruka alinikasirisha sana. Nikasema mtu nimemvusha milima yote ile na bado anameza. Basi mwaka ukapita, ukapita mwingine, anaimba tu. Ikabidi nielewe kwamba yule daktari alisema vile alivyosema. Dawa za maisha. Mimi niliposikia pale nilisikia kifo."

Nikamweleza habari zangu, kiu, mkanda, duka la dawa. Hakunifokea. Nikamuuliza, "Na wewe, mzee, umewahi kupima?"

"Mimi siumwi," akajibu haraka kweli kweli. Halafu nasikia anacheka peke yake. "Tangulia wewe. Ukitoka uniambie inauma kiasi gani."

Nikaenda jana yake nisipokula, maana yake nililala bila chakula makusudi, nisijipe kisingizio cha soda. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni. Yule binti mdogo alikuwepo. Akanifuta kidole kwa pamba, akasema, "Kaka, angalia pembeni," nami nikaangalia kalenda ya ukutani. Kwa wanaotaka kujua, na mshua ni mmoja wao, inauma kama kuumwa na sisimizi aliyekasirika kidogo.

Mashine ikalia. Binti akaangalia, akaniangalia.

"Umekunywa chai?"

"Tangu jana saa kumi na mbili jioni sijatia kitu mdomoni isipokuwa maji."

Ilisomeka 14.2. Akanieleza taratibu, na ule udogo wake sikuuona tena, kwamba mtu ambaye hajala usiku kucha akifika 7 na kuendelea hiyo tayari inahesabika ni sukari, lakini kipimo kimoja cha dukani hakitoshi, niende hospitali leo hiihii wapime upya na waseme ni ya aina gani, kwa sababu kwa vijana wanaokonda haraka hivi si jambo la kusubiri wiki ijayo. Akaniandikia ile namba kwenye kikaratasi. Nikalipa elfu tatu yangu. Nikasema asante, na nikashangaa kwamba nilikuwa namaanisha.

Nje jua limeshapanda, konda anaita Kariakoo, Kariakoo, dunia iko vilevile. Nilisimama kwenye kivuli cha kibanda cha vocha. Nikampigia picha mchumba wangu kile kikaratasi nikamtumia bila maneno. Akajibu palepale: "Nakuja. Hospitali tunakwenda wote." Halafu nikamwandikia mama. Nilifuta mara tatu. Mwisho nikaandika hivi: "Mama shikamoo. Vile vidonge vyako, huwa unameza kabla ya kula au baada?"

Hakujibu ujumbe. Alipiga. Hakuniuliza kwa nini nauliza, wala hakuanza kuomba kwenye simu kama nilivyokuwa natarajia, ingawa najua alikuwa ameshaomba kabla ya kubonyeza namba.

"Pamoja na chakula, mwanangu," akasema. "Kwani sasa hivi umekula?"

Haya, wale kina dada na marafiki zao watatu, tukutane nao wiki ijayo.